Redio ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na redio ndogo ya betri mbili. Kifuniko chake cha nyuma kilifungwa kwa uzi wa mkonge na antena iliyovunjika ilikuwa imeunganishwa kwa waya wa shaba. Hakuisikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza redio. Aliibana kwenye sikio la kushoto, kiganja kikiifunika yote, na mara nyingi haikuwa imeshika stesheni yoyote. Ilikuwa ikikoroma tu, mlio kama wa ndengu zinazopepetwa kwenye ungo. Alikaa hivyo chini ya mbuyu, nyuma ya jiko la susu, tangu asubuhi mpaka mbuzi waliporudi zizini.

Susu ni nyanya kwa Kikamba. Boma lake lilikuwa upande wa Ikutha, kusini mwa Kitui, ng'ambo ya mto Athi ukitokea Kibwezi. Nililelewa pale kwa sababu mwaitu, mama yangu mzazi, alikuwa akifanya kazi za nyumbani Nairobi na tulimwona Krismasi hadi Krismasi. Betri za redio zilinunuliwa kwa pesa za mayai. Zikiisha nguvu, mjomba alizianika juu ya bati kwenye jua la saa sita, akazigeuzageuza kama mtu anayechoma mahindi, kisha akazirudisha. Zilimsogeza siku mbili tatu zaidi. Sisi watoto tuliona huo ndio wazimu wenyewe: mtu mzima kuanika betri ili asikilize makoroma.

Miaka ishirini na saba ilipita kabla sijaelewa kwamba redio ile ilikuwa dawa. Nililielewa jambo hilo usiku mmoja mjini Wote, mbele ya gemu ya kompyuta.

Mjomba ni kitinda mimba wa susu. Alikwenda Mombasa akiwa na miaka kumi na tisa kubeba mizigo bandarini, na kila alipokuja nyumbani alileta halua na leso. Mwaka 1990 alirudi na basi la usiku bila sanduku, bila halua, ana redio tu mkononi. Alikuwa amekonda. Tukiwa tunakula aligeuka ghafla, akamjibu mtu ambaye sisi hatukumwona. Usiku alizunguka boma ameziba masikio kwa mikono miwili.

Kijijini hakuna aliyehangaika kutafuta sababu. Kwetu Ukambani mtu akirudi kutoka Mombasa amebadilika, husemwa jini limemfuata. Wazee wengine walisema ni aimu, mizimu ya ukoo, inadai haki yake. Susu aliitisha kilumi. Ngoma zilipigwa usiku kucha, akina mama wazee wakacheza mpaka alfajiri, na nakumbuka mjomba alilala vizuri siku mbili zilizofuata. Labda ulikuwa uchovu. Labda ni kwa kuwa usiku ule mmoja kijiji kizima kilikuwa upande wake. Baadaye ndugu wengine wakampeleka kwenye nyumba ya maombi, akakaa huko wiki kadhaa. Alirudi na makovu kwenye vifundo vya mikono, na ukimuuliza aliondoka.

Hospitali ilitajwa mwisho, tena kwa kunong'ona. Siku zile mtu wa kwetu akisema "Mathari" hakuwa anataja hospitali, alikuwa anatukana. Mathari ilianzishwa Nairobi mwaka 1910, enzi za ukoloni, kama mahali pa kuwaweka wendawazimu mbali na watu. Jina lake limebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, na leo ni hospitali ya rufaa na ya kufundishia, lakini hofu ya mwanzo ilikuwa bado imekaa kwenye ndimi zetu. Kwa hiyo mjomba alipelekwa kwa ngoma, akapelekwa kwa maombi, na alipofikishwa kwa muuguzi mwishowe, hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyejua wenzake walikuwa wamefanya nini.

Kulikuwa na jambo la maji pia. Ikutha maji si mchezo. Tulikwenda na punda hadi kwenye mto wa mchanga, tukachimba shimo mpaka bega la mtu lipotee, tukateka kwa kibuyu, kidogo kidogo, mpaka mtungi wa lita ishirini ujae. Unaweza kushinda huko tangu jua kuchomoza hadi saa nne. Halafu unarudi, unageuza mgongo, na mjomba amechukua kikombe, amekimwaga taratibu chini ya mbuyu, anasubiri kidogo, anamwaga kingine. Alipigwa kwa sababu hiyo. Susu peke yake hakumpiga. Yeye aliamini anawanywesha aimu.

Novemba 1993 nilikuwa na mtihani wa darasa la nane. Mafuta ya taa yaliisha wiki ile ile na susu hakuwa na yai la kuuza. Nilikuwa na tochi isiyo na betri. Mjomba alipokwenda kichakani, nilifungua uzi wa mkonge, nikatoa betri zake mpya, nikamtilia zangu zilizokufa, nikafunga uzi kama alivyoufunga yeye. Nilisoma kwa tochi ile siku tatu chini ya blanketi.

Siku ya kwanza aliitikisa redio. Aliifungua, akazianika betri, akazirudisha, akaitikisa tena. Siku ya pili alianza kuutukana mbuyu. Siku ya tatu aliukamata mtungi mzima wa maji akaupindua, akapiga kelele kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tena kwake, na wanaume wa jirani wakaja. Walimfunga kwenye nguzo ya ghala. Kamba ilikuwa ya mkonge, susu aliisokota mwenyewe kwenye paja lake kwa ajili ya ndama. Yeye ndiye aliyepiga fundo la mwisho. Alisema akiwaachia vijana wakaze wao, watamkata damu mkononi. Mjomba alikaa pale siku kumi na moja.

Nilifaulu mtihani. Sikumwambia mtu.

Mambo haya hayakuwa ya boma letu peke yake. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu wenye matatizo ya akili wanaofungwa minyororo na kamba, majumbani na mahali pa maombi, katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwamo. Wengi wanaofunga huwa hawana chuki. Wamechoka, wameogopa, na hawajaonyeshwa njia nyingine. Najua, kwa sababu niliona mikono ya susu ilivyotetemeka ikipiga fundo.

Mwaka huo huo wa 2020, mwezi Machi, shule na vyuo vilifungwa kwa ajili ya korona. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na wakati huo nilikuwa nimeshahamia Wote, upande wa Makueni. Mwanangu alirudi kutoka chuoni Nairobi na kompyuta ya mitumba aliyoinunua kwa jasho lake. Alikesha nayo. Usiku mmoja aliniona nimesimama mlangoni, akasogea, akasema, "Mama, kaa hapa. Lakini lazima uvae hedifoni. Bila hedifoni hutaielewa hii."

Nikavaa. Kwenye kioo kulikuwa na mwanamke ndani ya mtumbwi wa gogo, anapiga kasia katika ukungu. Kisha mwanamke mwingine akanong'ona katika sikio langu la kulia, karibu sana, kama anayetaka kunibusu. Mwingine akacheka kushoto. Wa tatu akasema kwa nyuma, kisogoni hasa, kwamba huyu hatafika.

Niligeuka. Ukuta ulikuwa pale pale na kalenda yake. Sikio la kushoto likaitwa, nikageuka tena. Mwanangu akasema kila mtu hugeuka mara ya kwanza, lakini mimi nilikuwa simsikii. Nilikuwa naiona shingo ya mjomba. Ule mgeuko mfupi, kidevu kikitangulia bega, macho yakichelewa nyuma ya kichwa. Niliuona miaka yote ya utoto wangu, na sasa shingo yangu mwenyewe imeufanya. Mkono wangu ukapanda wenyewe kwenye sikio la kushoto.

Nilivua hedifoni nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi mpaka baridi iliponirudisha ndani.

Gemu ile inaitwa Hellblade: Senua's Sacrifice. Ilitolewa Agosti 2017 na kampuni ya Ninja Theory ya Cambridge, Uingereza, ikitengenezwa na kikundi cha watu wapatao 20. Senua ni msichana shujaa wa kabila la Wapikti, waliokaa kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Uskochi, enzi za uvamizi wa Waviking. Mpenzi wake ameuawa, naye anasafiri hadi nchi ya wafu ya Waviking, amebeba kichwa cha marehemu kiunoni, ili akaikomboe roho yake. Senua husikia sauti, na huona yasiyoonwa na wenzake. Baba yake alimfundisha kwamba hiyo ni laana, na kwamba anayemgusa atalaaniwa naye. Mama yake, aliyesikia sauti vilevile, aliteketezwa kwa moto. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Badilisha majina, weka mbuyu badala ya ukungu, na hiyo ni habari ya vijiji vingi ninavyovijua.

Kilichonishika zaidi ni jinsi walivyoitengeneza. Hawakukaa ofisini wakabuni wazimu wa sinema. Walimwendea Paul Fletcher, daktari wa akili na profesa wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na wakawakalisha watu wanaosikia sauti, wakawauliza: zinatoka wapi, zinasema nini, ziko ngapi, zinasemaje? Kisha walirekodi kwa maikrofoni mbili zilizowekwa kama masikio mawili ya mtu, na waigizaji wakawa wanazizunguka wakinong'ona, wakisogea, wakirudi nyuma. Sauti inayotoka kulia hulifikia sikio la kulia mapema kidogo na kwa nguvu kidogo kuliko la kushoto, na ubongo hutumia tofauti hiyo ndogo kujua msemaji yuko wapi. Ukizisikiliza kwa hedifoni, ubongo unakubali kwamba mtu yupo nyuma yako. Huwezi kuuambia usikubali. Mimi nilijua kabisa ni gemu, na bado niligeuka.

Mwaka 2018 gemu hiyo ilipata tuzo tano za BAFTA huko Uingereza, mojawapo ikiwa ya uigizaji, ambayo ilikwenda kwa Melina Juergens aliyeigiza Senua. Juergens alikuwa mhariri wa video pale kazini, amesimamishwa mbele ya kamera kwa majaribio tu mpaka mwigizaji apatikane, na wakaona hakuna haja ya kutafuta tena.

Mwanangu aliicheza hadi mwisho, mimi nikiwa pembeni, usiku baada ya usiku. Kuna mambo matatu niliyoyaona pale ambayo yalinirudisha Ikutha.

La kwanza ni milango. Ili baadhi ya milango ifunguke, Senua lazima aione herufi fulani ya kale katika vitu vilivyomzunguka. Tawi likikutana na kivuli cha boriti, na wewe umesimama mahali pamoja tu panapofaa, herufi inatokea. Mchezaji anazunguka, anainamisha kichwa, anarudi hatua moja. Mjomba alifanya hivyo kila adhuhuri. Alisimama kati ya zizi na jiko, akainamisha kichwa, akasogea nusu hatua, akafumba jicho moja, akiutazama mbuyu na nguzo ya ua. Tulikuwa tunamwiga nyuma yake na kucheka. Ugonjwa ule huifanya akili ione maana kila mahali, kwenye namba ya lori, kwenye nyayo za mbuzi, na kila maana inamhusu yeye. Mjomba alikuwa kazini. Alikuwa anatafuta mlango.

La pili ni uozo. Mapema kwenye safari mkono wa Senua unaanza kuoza, na mchezaji anaonywa kwamba kila atakaposhindwa uozo utapanda, na ukifika kichwani yote aliyoyafanya yatafutika. Wachezaji wengi walicheza wakitetemeka. Baadaye waliochunguza wakagundua kwamba tishio lile halitekelezwi kama lilivyotangazwa. Ilikuwa hofu tupu. Lakini hofu ile ilikuwa imeshawafanya wacheze tofauti, na washikilie pumzi. Sauti za wagonjwa wengi hufanya kazi hivyo hivyo: zinatisha kuliko zinavyoweza. Ila anayetishwa hawezi kujua mpaka athubutu.

La tatu ndilo lililoniumiza. Mwanzoni kabisa sauti moja inamkaribisha mchezaji, na unatambua kwamba wewe hujawekwa mahali pa Senua. Umekaribishwa miongoni mwa wanaomsemesha. Wewe ni sauti nyingine kichwani mwake. Hapo nilikumbuka kelele za boma letu: kaa chini, acha hiyo, nyamaza, hakuna mtu hapo, umemwaga maji tena. Mtu aliyekuwa akipigana na sauti tatu, sisi tulimwongezea kumi. Angezitofautishaje?

Siiandikii gemu ile shairi la sifa. Ni hadithi yenye vita na damu, inafunguka kwa onyo kuhusu mambo yaliyomo, na onyo hilo lina haki yake. Mwanangu alitaka tumpelekee mjomba hedifoni asikie, nikakataa. Zake zinamtosha. Gemu ile iliwafaa wasiosikia kitu. Iliwafaa watu kama mimi, waliokulia kando ya mtu wasijue hata siku moja alikuwa wapi.

Tena sauti hazifanani dunia nzima. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwahoji watu 60 wenye ugonjwa wa aina hii: 20 California, 20 Accra na 20 Chennai. Wamarekani wengi walieleza sauti zinazoshambulia, matusi na vurugu. Accra wengi walisema humsikia Mungu. Chennai wengi walisikia jamaa zao wakiwaagiza kazi za nyumbani na kuwagombeza. Ugonjwa ni mmoja, lakini sauti hukopa lugha na adabu za mahali mtu alipolelewa.

Sisi Wakamba tunapaswa kulielewa hilo upesi. Tunamheshimu Syokimau, nabii wetu wa kale, aliyesimulia nyoka mrefu atakayepita nchini akitema moto na moshi kabla reli haijajengwa. Tangu mwaka 2012 kituo cha treni kinaitwa kwa jina lake. Sisemi Syokimau alikuwa mgonjwa, wala sisemi mjomba alikuwa nabii. Nasema tu kwamba palikuwa na wakati mtu wa kwetu alisema "nimesikia jambo", na watu wakaketi chini wakamuuliza, "Umesikia nini?" Mjomba alisema hivyo hivyo, nasi tukatafuta kamba.

Kwa Kizungu cha hospitali ugonjwa wa mjomba ni skizofrenia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba humpata mtu mmoja hivi kati ya 300. Hesabu hiyo ukiileta kwenye shule yangu, ukijumlisha wanafunzi, walimu, wapishi na walinzi, haitukosi. Dawa zipo tangu miaka ya 1950, na mjomba huchomwa sindano moja kila mwezi. Ilipoanza ilimtetemesha mikono hata chai ikamwagika, mpaka muuguzi alipompunguzia kipimo na kumpa tembe za kutuliza mtetemeko. Sindano ilipunguza sauti. Haikuzimaliza.

Huku Makueni niliona jambo ambalo laiti susu angeliona. Katika miaka ya 2010, wakfu wa utafiti na mafunzo ya afya ya akili ulioanzishwa na Profesa David Ndetei uliwaketisha pamoja waganga wa kienyeji, viongozi wa maombi na wahudumu wa hospitali wa kaunti hii. Wakfu huo uliwafundisha waganga na wahubiri, pamoja na wahudumu wa afya wa vijijini, kutambua dalili kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na kumwelekeza mgonjwa hospitalini. Ukitazama, ni wale wale watatu waliompokea mjomba kwa zamu: ngoma, maombi na sindano. Tofauti ni kwamba hapa walisemezana. Hakuna aliyelazimishwa kuikana imani yake. Mama anayekwenda kwa mganga kwanza, kwa kuwa ndiye jirani na ndiye anayejua jina la babu yake, hafukuzwi njiani. Anaonyeshwa hatua inayofuata.

Mwaka 2020 kikosi kazi cha taifa kilichoongozwa na Daktari Frank Njenga kilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa, na mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ya mwaka 1989 ikarekebishwa. Nashukuru. Lakini sheria hufika bomani kwa miguu ya mtu, na pale bomani panahitajika mtu anayejua kuuliza swali.

Nilikwenda kuliuliza Desemba ya mwaka ule wa korona. Nilipanda matatu mpaka Kibwezi, nikapata nyingine ya Ikutha, tukavuka Athi juu ya lami mpya iliyokuwa inanukia bado. Susu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mjomba alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mvi kidogo, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Redio ilikuwa nyingine, ya nne au ya tano tangu ile. Mbuyu ulikuwa ule ule.

Mjomba huniita mwaitu, mama, kwa kuwa nilipewa jina la susu. Nilikaa juu ya mzizi karibu naye, nikangoja. Aligeuka kushoto, kidevu kikitangulia.

"Mjomba," nikasema, "ni nani huyo?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Akapunguza sauti ya redio.

Kisha akanieleza, kwa utaratibu wa mtu anayemtajia mgeni majirani zake. Wako watatu. Mmoja ni mwanamke mzee, huyo hana ubaya, humwambia mbuzi wameingia shambani, na mara nyingine huwa kweli. Wa pili ni mwalimu. Huyo huja jua likiwa kali, humtukana, humwambia watu wa nyumbani wanamtilia sumu, humwamuru avunje vitu. Redio ikikoroma sikioni, mwalimu hupotea. Wa tatu ni mtoto. Huyo hulia kiu.

"Ndiye uliyekuwa ukimmwagia maji?"

"Ndiye. Mlikuwa mkinipiga, lakini utamwachaje mtoto?" Akanyamaza. "Siku hizi simpi. Namwambia angoje, mvua iko njiani. Huwa ananyamaza."

Mwishoni mwa gemu sauti za Senua hazimwachi. Anaachana na alichokibeba, anakubali kwamba zitaendelea kuwepo, na anatembea. Nilidhani ni uzuri wa hadithi tu. Mjomba, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alikuwa ameufikia mwisho ule peke yake chini ya mbuyu, bila msaada wetu, na wakati mwingine licha yetu.

Nimejifunza kwamba mtu anaweza kuamini kuwa mwenzake anasikia, bila kuamini kile anachoambiwa na hizo sauti. Ni vitu viwili. Ukimwambia "hakuna mtu hapo", umemwita mwongo, na kuanzia hapo atayaficha. Ukimwambia "mimi simsikii, lakini niambie anasema nini", umebaki naye. Utajua akiamriwa kujidhuru. Utajua dawa imezidi au imepungua. Utajua kwa nini anaanika betri.

Jua lilikuwa linazama. Nikaona nisipolisema siku hiyo sitalisema tena.

"Mjomba, mwaka ule nilipofanya mtihani, redio ilipokufa ukafungwa ghalani. Ni mimi niliyechukua betri."

Hakushtuka. Aliipangusa redio kwa pindo la shati.

"Yule mwalimu aliniambia siku ile ile," akasema. "Alinitajia jina lako. Nikamwambia wewe ni mwongo, umezoea kunidanganya. Mwaitu hawezi kuniibia."

Siku zile alizokuwa akipiga kelele, tukidhani anautukana mbuyu, alikuwa ananitetea.

Nilikuwa nimemletea betri nne mpya kwenye mkoba. Redio hii nayo ilifungwa kwa uzi wa mkonge; niliufungua, nikatoa za zamani, nikatia mbili. Yeye akaangalia kama nimeziweka upande sahihi, kisha akafunga uzi mwenyewe.